Kisichokwisha Kutafitiwa Hakiguswi

Mwenye sikio alilete; mwenye mawili abakize moja mlangoni, maana hujui nani anapita.

Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, na si kwa woga. Jina hilo lina kesi. Ndugu watatu wa ukoo mmoja wanaligombea mahakamani, kila mmoja akidai babu yake ndiye aliyelitamka kwanza, na jaji ameweka zuio lisitumiwe na mtu yeyote mpaka hukumu itoke. Kwa hiyo kwenye stempu, kwenye jezi za timu ya taifa na kwenye wimbo wa taifa pameandikwa Nchi Husika, na watu wamezoea. "Ee Nchi Husika, tunakupenda," huimba watoto wa shule asubuhi, mkono kifuani, wala hakuna anayecheka.

Huko ardhi yote ilikuwa ya Serikali kwa niaba ya wananchi, na wananchi waliikalia kwa niaba ya Serikali, na kila upande ulimshukuru mwenzake. Hati za viwanja zilikuwapo zamani. Zililiwa na mchwa wa Masijala Kuu. Ikaundwa tume, tume ikachunguza, ikagundua kwamba mchwa wamezikalia hati hizo zaidi ya miaka kumi na miwili bila kubughudhiwa na mtu, na kwa mujibu wa sheria aliyekalia mali muda huo wote hafukuzwi. Mchwa wakaachiwa masijala. Makarani wakahamia nje, chini ya turubai.

Kinga pekee ya mnyonge ilikuwa kifungu cha arobaini na moja: *Kisichokwisha kutafitiwa hakiguswi.* Kilitungwa na waziri mmoja wa zamani asiyependa kuamua mambo. Kila jambo gumu alilipeleka kwenye utafiti, na likishafika huko lilikuwa salama kama pesa ya marehemu iliyokwama benki. Daraja moja lilisubiri utafiti miaka kumi na tisa, hata mto wenyewe ukachoka, ukahama. Na kwa kuwa Nchi Husika haikuwahi kumaliza utafiti wowote tangu ijitawale, kutafitiwa kulikuwa na usalama zaidi kuliko kumiliki. Wazazi waliwaombea mabinti zao wachumba wenye nyumba zinazotafitiwa.

Basi alikuwapo mhadhiri msaidizi wa sheria za mali, Semkiwa, mwenye miaka arobaini na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Asubuhi moja alikwenda kumjulia hali mama yake, Bi Somoe, mjane anayechoma vitumbua mtaa wa Kwambegu. Akakuta alama ya X, nyekundu, imepigwa ukutani, rangi haijakauka. Wapiga alama wa Wizara walikuwa hawaujui vizuri mtaa ule, kwa hiyo X nyingine waliipiga kwenye choo cha jirani na nyingine ubavuni mwa mbuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bi Somoe alinyoosha kijiti cha kugeuzia vitumbua kuelekea ukutani. "Umeona? Wamenipa kosa, na swali lenyewe sijaulizwa."

"Wanataka kujenga Kituo cha Taifa cha Kulinda Hati Miliki."

"Wabomoe nyumba yangu ili wailinde?"

"Wanalinda hati, mama, siyo nyumba."

"Mimi hati sina."

"Ndiyo maana wanajenga kituo."

Bi Somoe aligeuza vitumbua vyote saba. Halafu akasema, "Baba yako alilala humu siku yake ya mwisho. Mimi nami nina mpango wa kulala humu. Wewe si ndiye uliyesoma? Haya, soma."

*

Wiki ileile Chuo Kikuu Husika kilitia saini ushirikiano wa kitaaluma na chuo kimoja cha Nchi ya Baridi. Mradi uliitwa *Umiliki wa Mali na Sheria za Watu Binafsi: Safari ya Pamoja*. Kazi iligawanywa kwa haki: wenzetu walileta maswali, sisi tukaleta watu wa kuulizwa.

Upande wa kule aliongoza Profesa Brunk, mtu mrefu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kwa miezi mitatu na kusema "shikamoo" kwa kila kiumbe, hata yule mbuzi mwenye X. Upande wa huku aliongoza Profesa Mlawa, ambaye hakuwahi kusema "leo" pale alipoweza kusema "katika muktadha wa siku ya leo". Zilitakiwa nyumba saba. Sita zilipatikana kwa bahati nasibu. Ya saba Semkiwa, aliyeteuliwa kuwa mtafiti wa mradi, aliiandika mwenyewe kwa mwandiko mdogo.

Lakini Semkiwa alikuwa na ugonjwa wa uaminifu. Akaenda kujisema kwa Kamati ya Maadili. Alikaa kwenye benchi la kamati saa sita, benchi fupi lisilo na egemeo, na alipoitwa akainuka, mguu wake wa kushoto haukuinuka naye. Ulikuwa umekufa ganzi. Akaingia akiuburuta.

"Mtafitiwa namba saba ni mama yangu," akasema.

Wajumbe walinong'onezana. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena ili aivue kwa uzito zaidi.

"Kamati imeliona," akasema. "Haikufukuzi. Kamati inausimamisha uhusiano huo. Kuanzia sasa mama yako siye mama yako mpaka Mheshimiwa Waziri agonge muhuri kwenye ripoti ya mwisho. Ataitwa M7. Hutazungumza naye ila kwa dodoso, kila Alhamisi, mbele ya msimamizi wetu. Hutakula kwake, maana ni rushwa. Na uhusiano huo ukitamkwa mbele ya shahidi, hata kwa bahati mbaya, utafiti wote unarudi swali la kwanza. Una swali?"

"Nitamwambiaje?"

"Kwa dodoso."

Alitoka nje. Ganzi ilikuwa imefika gotini. Alidhani itaisha akitembea.

*

Stika ya mradi ilibandikwa juu ya X, na nyumba ya Bi Somoe ikaingia chini ya kifungu cha arobaini na moja. Wapiga alama walipopita tena waliisoma, wakavua kofia, wakaenda zao.

Kila Alhamisi Semkiwa alikuja na ubao wake wa kuandikia, pembeni yake Bwana Ndolezi, msimamizi wa maadili, mtu mnene mwenye daftari. Kamati ilikuwa imemkataza mtafiti kula. Kuhusu msimamizi haikusema chochote, naye Bwana Ndolezi aliheshimu ukimya huo kwa moyo wote.

"Swali la kwanza. Jina la mtafitiwa?"

"Wewe unalijua."

"Jibu hilo halimo kwenye orodha."

"Basi chagua linalomo." Akasogeza sahani kwa Bwana Ndolezi. "Karibu, baba. Wewe unaonekana una mama."

Walikwenda hivyo, swali kwa swali. Swali la kumi na nne Semkiwa alilisoma macho yakiwa kwenye karatasi.

"Je, mtafitiwa ana watoto?"

Bwana Ndolezi, mdomo umejaa, akainua kalamu.

"Ninaye mmoja," alisema Bi Somoe.

"Yuko wapi?"

"Amesimamishwa."

Semkiwa akaandika. Hakuhisi kitu, na hilo alilishukuru, maana mwandiko haukutetemeka.

Swali la ishirini na mbili liliuliza shahidi wa mpaka wa kiwanja ni nani. Bi Somoe aliwaongoza hadi pembeni, kwenye ua wa minyaa, akagusa ardhi kwa ncha ya kandambili.

"Hapa. Mama mkwe alizika kitovu hapa, akapanda mnyaa juu yake. Huko nyuma ndivyo tulivyokuwa tukiweka mpaka mtaani kwetu. Mtu aweza kung'oa kigingi usiku au mchana. Kitovu cha mtu nani atakigusa?"

"Kitovu cha nani?"

"Cha huyo aliyesimamishwa."

Semkiwa alifikiri kidogo, akaandika: *Mpaka wa kaskazini-mashariki unathibitishwa na masalia ya kibaolojia ya mhusika wa tatu.* Profesa Brunk alipoisoma sentensi ile alitokwa na machozi, akasafiri makusudi kuja kupapima mahali pale kwa kifaa chake cha setilaiti. Kwenye ramani ya mradi pakawekwa nukta nyeusi, ikaitwa Nukta K. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nyumba ya Kwambegu kujulikana ilipo na mtu asiyekaa Kwambegu.

Swali la mwisho lilikuwa lilelile kila wiki: Je, mtafitiwa ana la kuongeza?

"Ninalo. Bati la chumba cha uani linavuja. Mwanangu angekuwapo angepanda juu."

Bati halikugusika. Kisichokwisha kutafitiwa hakiguswi hata na mwenyewe, maana likibadilika bati zinabadilika takwimu. Bi Somoe aliweka beseni.

"Jingine, mwambieni mtafiti amekonda. Halafu huo mguu anaouburuta aukande na maji ya chumvi."

Semkiwa akatafuta nafasi ya kuliandika hilo, akaona mstari ni mfupi. Akaandika: *Mtafitiwa hana la kuongeza.*

*

Ikapita miaka sita. Msidhani Semkiwa alikuwa mvivu. Hakuna aliyefanya kazi kama yeye ya kutomaliza. Aliongeza tanbihi chini ya tanbihi. Aliomba ulinganisho na sheria za visiwa visivyo na watu. Alipoteza sura ya tatu mara mbili, akaipata mara moja. Na kila mvua zilipokuja nyumba ilikuwa bado imesimama, na yeye alikuwa bado mhadhiri msaidizi, na ganzi ilikuwa imefika kiunoni, wala haimsumbui. Watafitiwa wengine sita walikufa mmoja mmoja wakisubiri swali la tisini. Akabaki M7 peke yake.

Halafu Nchi ya Baridi ikaandika barua ya mistari miwili: mradi unakwisha mwezi wa sita, tafadhali mmalize.

Nchi Husika ililipuka kwa furaha. Utafiti wa kwanza kumalizika! Redio ilikatiza matangazo ya vifo. Profesa Mlawa alimwita Semkiwa ofisini, akamfungia mlango kwa upendo.

"Bwana mdogo, katika muktadha wa mustakabali wako, ukimaliza unakuwa daktari."

"Na nyumba ya M7, profesa? Ikimalizika inatoka kwenye kifungu."

"Inatoka kwenye kifungu, inaingia kwenye hati! Si umethibitisha wewe mwenyewe kuwa ni yake?"

"Nimethibitisha."

"Siku hiyohiyo Waziri atamkabidhi hati mkononi, mbele ya kamera. Kifungu kinatoka kwa mlango huu, hati inaingia kwa ule. Mchakato mwororo kabisa. Unaogopa nini?"

Semkiwa alijikagua aone anaogopa nini, asione kitu. Hilo lilipaswa kumtisha. Akakaa akaandika sura ya mwisho, safari hii kwa bidii ya kweli, na sentensi yake ya mwisho bado inasifiwa na wanaojua: *Bila shaka yoyote, kisheria na kimila, mmiliki halali wa nyumba hii ni M7.*

*

Uzinduzi ulifanyika asubuhi ukumbini. Bi Somoe aliletwa kwa gari la chuo, akakalishwa mstari wa mbele, kitini pameandikwa M7, akapewa soda. Alivaa kanga yake mpya. Mwanawe alikaa jukwaani ndani ya joho la kuazima. Wakatazamana jinsi mtafiti na mtafitiwa wanavyoruhusiwa kutazamana.

Profesa Mlawa alishika kipaza sauti. "Mheshimiwa Waziri Husika, mwakilishi wa Waziri Husika ambaye naye yupo endapo Waziri asingekuwepo, itifaki imezingatiwa. Leo taifa limemaliza. Wapo walionena kwamba hatumalizi. Tumemaliza! Na tutaunda tume kuhakikisha tunaendelea kumaliza!"

Makofi. Waziri Husika akainuka, ripoti mkono mmoja, hati ya kiwanja mkono mwingine, muhuri mezani. Alikuwa mtu wa vitendo. Ili kuokoa muda alikuwa amekwisha kutuma trekta la kubomolea Kwambegu tangu alfajiri, na dereva alikuwa amepewa ukurasa wa ramani wenye Nukta K.

"Namwita mmiliki, ndugu M7!"

Bi Somoe akapanda jukwaani. Msajili wa Hati, kijana nadhifu, akamwinamia.

"Shikamoo, mama. Kitambulisho."

Akampa. Msajili akakisoma mbele na nyuma.

"Hiki kinasema Somoe binti Mbega."

"Ndiye mimi."

"Hati imeandikwa M7."

"Ndiye mimi pia."

"Samahani, mama, kwenye daftari la wananchi hakuna M7. Hati siwezi kumpa mtu asiye mtu aliyeandikwa. Nani anaweza kuthibitisha kwamba wewe ndiye M7?"

Ukumbi mzima ukamgeukia Semkiwa. Profesa Brunk alitabasamu kumtia moyo. Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili, mstari wa pili, akanyanyua kidole kimoja tu, kukumbusha kwamba jina la mtafitiwa ni siri na atakayeitoa ameuharibu utafiti. Na utafiti ukiharibika, hakuna tena anayejua nyumba ni ya nani.

Semkiwa akapiga hesabu yake ya mwisho kama mwanasheria. Nikinyamaza, muhuri unagongwa, kifungu kinaondoka, hati inakosa mtu, mimi ni daktari. Ganzi ilikuwa imemfika kifuani, na kutoka mle ndani hapakuja ushauri wowote.

"Daktari," alisema Msajili. "Unamfahamu mama huyu?"

"Hanifahamu," akadakia Bi Somoe upesi. "Mwacheni na joho lake. Huuliza maswali tu, halafu anakwenda zake."

Alikuwa amejiweka mbele yake kidogo, kama alivyokuwa akifanya zamani walimu walipokuja nyumbani.

"Ni mama yangu," akasema Semkiwa.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Bwana Ndolezi akafumba macho. Akayafumbua, akatoa daftari, maana kazi ni kazi.

"Uhusiano umetamkwa!" Mwenyekiti wa Kamati alisimama. "Mbele ya mashahidi mia nne! Utafiti umebatilika. Unarudi swali la kwanza!"

Waziri Husika akautazama muhuri aliokuwa ameuinua hewani. "Maana yake haujamalizika?"

"Haujaanza, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo hakiguswi?"

"Hakiguswi, Mheshimiwa. Arobaini na moja."

Semkiwa alivua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kitini. Kwa dakika ile moja nyumba ya Kwambegu ilikuwa salama kuliko ilivyokuwa kwa miaka sita. Waziri, mtu wa sheria, akaagiza dereva wa trekta apigiwe simu asimame mara moja. Simu ikawekwa kwenye kipaza sauti ili taifa lione utawala wa sheria ukifanya kazi.

"Halo! Usiguse hicho kiwanja! Kinatafitiwa!"

"Mheshimiwa," ilijibu sauti ya dereva, injini imezimwa, jogoo akiwika nyuma yake, "nimemaliza tangu saa tatu. Sisi siyo watafiti."

*

Kiwanja kikarudi chini ya kifungu cha arobaini na moja jinsi kilivyokutwa, kitupu. Serikali haiwezi kujenga kituo, maana kinatafitiwa. Bi Somoe hawezi kujenga nyumba, maana kinatafitiwa. Minyaa pekee haikusoma sheria, ikaanza kuchipua.

Semkiwa alinyang'anywa udaktari kabla hajaupata, akabaki mhadhiri msaidizi, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua dodoso. Kamati ilikaa, ikaona kwamba lililotamkwa haliwezi kumezwa, ikaurejesha uhusiano kwa kipindi cha matazamio cha miezi mitatu. Profesa Brunk alituma salamu za pole na maswali mapya.

Alhamisi iliyofuata Semkiwa na Bwana Ndolezi walikwenda Kwambegu. Bi Somoe alikuwa amekaa juu ya beseni lililogeuzwa, chini ya turubai, karibu na Nukta K. Mbele yake kulikuwa na moto na chuma cha vitumbua alichokifukua kwenye kifusi. Upande mmoja kilikuwa kimebonyea, na vitumbua vya upande huo vilitoka vyembamba kama sikio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kula. Wameshatuandika mama na mwana."

Alikula. Kilikuwa cha moto mno, hakusema. Akachuchumaa chini, akaweka ubao magotini.

"Swali la kwanza. Jina la mtafitiwa?"

"Wewe unalijua."

Akaandika: *Ninalijua.*

Walipofika swali la nne mguu wake wa kushoto ukaanza. Wanaoijua ganzi wanaelewa: ikiwa imekaa haiumi, inauma ikitoka. Ilianzia kwenye vidole kama siafu, ikapanda. Semkiwa akauma meno, kalamu ikasimama.

"Nini?" akauliza Bi Somoe.

"Mguu."

"Si uunyooshe. Umechuchumaa kama mgeni, na hapo ni kwako."

Semkiwa akakaa kwenye vumbi, akaunyoosha mguu mpaka kisigino kikagusa shina la mnyaa. Machozi yalimtoka, na akasema ni mguu, wala hakuna aliyembishia.

Bwana Ndolezi akafuta mafuta mdomoni kwa mgongo wa mkono, akalifungua daftari lake magotini, akainua kalamu.

"Hilo la *hapo ni kwako*," akauliza, "niliandike kwenye swali la ngapi?"